Mji Usiobisha Hodi

Mama alipopiga simu kusema harudi, nilikuwa na misumari mdomoni. Ndivyo tulivyo mafundi wa makochi: nyundo mkono wa kulia, kitambaa mkono wa kushoto, misumari imebanwa midomoni ikisubiri zamu yake. Niliposikia neno lile, nusura niimeze.

"Hurudi leo, au hurudi wiki hii?" nikamuuliza nilipokwisha kuitema.

"Sirudi, mwanangu. Nimekaa nimefikiri. Nabaki huku huku."

"Huku huku wapi?"

"Kwani mimi niko wapi?"

Akakata. Nikabaki nimeikodolea simu macho kama imenitukana. Mama yangu hakati simu. Mama yangu akiagana na mgeni mlangoni, maharage yanaiva.

Asiyejua uhasama wa miji yetu hii miwili atauliza kuna nini cha kushtua hapo. Sisi tuko bondeni, wao wako mlimani. Yote miwili ni miji mikubwa, yenye maghorofa na vyuo na foleni za magari, na kila mmoja unaamini kwamba mwenzake ulijengwa kwa makosa. Sisi tunasema watu wa mlimani wanatembea kama wamefukuzwa na mbwa, jirani hawamjui hata kwa sura, na wakikukaribisha chai wanakutajia na saa ya kuondoka. Wao wanasema mtu wa bondeni ukimuuliza njia atataka kwanza kujua umeamkaje, umetoka kwa nani, na babu yako alikuwa anafanya kazi gani, halafu mwisho wa yote akuelekeze kusiko. Siku timu zetu zikikutana, hata ndoa hutikisika.

Na katika ubishi huo, upande wetu, mama ndiye aliyekuwa nahodha. Mtaani walimwita Mama Wote. Mlango wa nyumba yetu sikumbuki kuuona umefungwa mchana. Aliyetaka ngazi alikuja kwake, aliyetaka sufuria kubwa alikuja kwake, waliogombana walikuja kwake, na waliopatana walirudi kumshukuru, wakakaa mpaka jioni. "Mji gani ule," alikuwa akisema juu ya mlimani, "mtu anakula kafunga mlango kama mwizi!"

Alikwenda huko kwa sababu moja tu: mtoto wa jicho. Daktari bingwa yuko mlimani, na dada yangu anaishi mlimani, anaendesha kreni kwenye majengo marefu. Mama angefanyiwa upasuaji, apone, arudi. Alipanda basi akinung'unika, amefungasha chakula kana kwamba anakwenda jangwani.

Sasa huyo ndiye anayesema harudi.

Nilimwambia mjomba peke yake, yaani mdogo wake mama, dereva wa lori mstaafu. Lakini kumwambia mjomba jambo ni sawa na kulipandisha juu ya paa na kipaza sauti. Kufika alasiri karakana yangu, iliyo chumba cha mbele cha nyumba ya mama, ilikuwa imejaa watu, wamekaa juu ya makochi ya wateja ambayo sijayamaliza, wengine wamezama kwenye sponji isiyo na kitambaa.

"Wamemfungua jicho, wamemfunga akili," alisema shangazi, dada yake marehemu baba. Alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa kuliko yote na hakuwa na nia ya kusogea. "Mimi nilisema. Sikusema?"

"Binti yake ndiye anayemzuia," alidakia jirani mmoja. "Kapata mpishi wa bure."

"Mpishi wa bure? Mama Wote? Huyo hata kwenye jela angekuwa anamgawia askari chai," mwingine akajibu.

Mjomba akapiga goti lake. "Basi! Kesho kijana unakwenda. Ukirudi bila dada yangu, usirudi."

"Sasa, mjomba, nisiporudi na mimi, si mtakuwa mmepoteza wawili?"

Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Nilifika mlimani Jumamosi mchana. Jengo la dada lilikuwa refu, safi, na kimya kama shule siku ya mtihani. Nikaingia kwenye lifti, nikakuta watu, nikafanya nilivyolelewa: "Habari zenu jamani."

Kimya. Mama mmoja alisogeza mkoba wake upande wa pili. Kijana aliyeziba masikio kwa nyaya za muziki alichomoa waya mmoja, akanitazama kuona kama nimeumia, akaurudisha. Nikapanda mpaka ghorofa ya tano nikiwa nimeinamisha kichwa, kama niliyepiga chafya mbele ya hakimu.

Dada alinifungulia mlango akiwa bado na viatu vyake vya kazi, kofia ngumu kwapani. Tukakumbatiana. Nikatupa macho sebuleni, jikoni, chumbani.

"Mama yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi ya nani?"

"Yake," dada akasema, na akaanza kucheka jinsi kidevu changu kilivyodondoka. "Njoo ukaone mwenyewe. Mimi nikikueleza hutaniamini."

Lilikuwa duka la dobi, mtaa wa pili, lenye kioo kikubwa mbele. Ndani mvuke ulikuwa umetanda na mashati meupe yamening'inia safu kwa safu. Nilitafuta mwanamke aliyejitanda khanga. Sikumwona. Nilimwona mwanamke mwembamba aliyevaa suruali. Suruali! Na aproni ya buluu, na miwani mipya, akipitisha pasi ya mvuke juu ya kola ya shati kwa mkono mwepesi kama anayembembeleza mtoto. Mama huyuhuyu aliyemnunia dada mwezi mzima kwa kuvaa suruali ya kupandia kreni.

Kifuani alikuwa na kibandiko chenye jina lake. Si Mama Wote, si Mama Fulani. Jina lake la usichana, lile ambalo mimi nililiona kwenye kitambulisho tu na ambalo adabu hainiruhusu kulitamka. Msimamizi wake, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimwita kwa jina hilo, kavu hivyo hivyo, amletee hanga za kutundikia mashati. Nikataka kumkaripia. Mama akaitika, "Naam, naleta," akiwa anatabasamu.

Kisha akaniona kupitia kioo. Uso ukamchanua. Nikafungua mikono. Naye akatazama saa ya ukutani.

"Karibu, mwanangu! Nisubiri hapo nje kidogo, nimalize zamu yangu."

Zamu yake. Nimesafiri tangu alfajiri, vumbi limenijaa puani, na mama yangu mzazi ananisubirisha nje kama mteja asiye na risiti. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikaangalia watu wa mlimani wakipita mbio mbio, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba pengine wana dawa wanayotia kwenye maji.

Jioni hiyo tulikula pamoja, na niseme kweli, tulicheka. Mama alituigizia daktari wa macho jinsi anavyozungumza kama anayesoma tangazo la treni. Dada alicheka mpaka akapaliwa. Baada ya kula, jua lilipokuwa linashuka, mama akanichukua roshani, akavuta viti viwili.

"Wamekutuma unirudishe."

"Mama, watu wamechanganyikiwa. Shangazi anasema wamekufunga akili."

"Shangazi yako." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Unakumbuka siku tulipomzika baba yako?"

"Nakumbuka. Nyumba ilifurika."

"Ilifurika siku ile, ikafurika wiki ile, ikafurika miezi. Walilia wao. Mimi nilikuwa nawapikia chai waliokuja kulia. Kila nikienda chumbani nikiinamisha kichwa, hodi! 'Mama Wote, usikae peke yako, utawaza.' Mwanangu, nilitaka kuwaza! Nimefiwa na mume, nisiwaze?"

Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Nilipofika huku, siku ya pili baada ya upasuaji, dada yako alikwenda kazini. Nikafunga mlango. Nikakaa pale kitandani nikingoja hodi. Sikuisikia. Nikangoja. Asubuhi nzima, mwanangu, hakuna aliyekuja. Ndipo nilipomlilia baba yako. Nililia kwa jicho moja, jingine limefungwa bandeji, mpaka nikaogopa daktari atanigombeza." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Huku watu hawanijui. Sijui kama unaelewa utamu wake. Nikinuna, nimenuna. Hakuna anayeniuliza nimenunia nini."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya mjomba, ya shangazi, ya mtaa mzima, nimeyapanga kichwani kama misumari. Yote yalitawanyika chini. Huyu mwanamke niliyedhani namjua tangu nizaliwe alikuwa amebeba kilio cha mumewe miaka yote hii akizungusha sinia la chai.

Lau hadithi ingeishia hapo, ningerudi nyumbani nikiwaambia watu wetu kwamba mlimani ndiko kuzuri. Lakini kulikucha Jumapili.

Tulikuwa mezani, tunakunywa chai. Kupitia ukutani nikasikia sauti ya mtu kama anayesafisha koo, polepole, anaacha, anarudia.

"Jirani yenu anaumwa?" nikauliza.

"Mwache," mama akasema bila kuinua macho. "Ni fundi saa mmoja mstaafu. Anaishi peke yake."

"Anaguna, mama. Sikiliza."

"Huku mtu habishiwi hodi bila kualika. Atakuona mshamba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama dada, dada akatazama kikombe chake. Mama Wote, ambaye kuku wa jirani akikohoa yeye ndiye wa kwanza kuamka, ananiambia mwache! Sauti ikaja tena, mara hii nyembamba zaidi. Nikasukuma kiti nikatoka.

"Hodi! Hodi humu, mzee!"

Kwenye ukumbi milango kama mitatu ilifunguka kwa nafasi ya pua, ikafungwa. Bwana mmoja aliyevaa nguo za kulalia alitoka nusu.

"Una shida gani?"

"Jirani yenu anaguna huku ndani. Hafungui."

"Umempigia simu?"

"Sina namba yake."

"Hata mimi sina," akasema, kana kwamba hilo limemaliza kazi, akarudi ndani.

Nikaweka sikio mlangoni. Kutoka chini, karibu na sakafu, nikasikia neno moja: "Samahani."

Nilirudi mbio. "Yuko chini! Nani ana ufunguo?"

"Msimamizi wa jengo, na Jumapili hayupo," dada akasema. Alikuwa tayari anafunga kamba za viatu vyake. Akaenda roshani. Kati ya roshani yetu na ya fundi saa palikuwa na mwanya wa kama hatua ndefu ya mtu mzima, na chini yake ghorofa zote zile mpaka kwenye saruji.

"Dada, hapana. Dada!"

"Shika mkanda wangu. Mimi chakula cha mchana nakulia juu zaidi ya hapa."

Nikashika. Alipanda kwenye kingo, akasimama sekunde moja kama anayepima upepo, akavuka. Mkanda ukanichomoka vidoleni. Sisi wa bondeni miguu yetu haikuumbwa kwa mambo hayo. Nilikaa chini palepale roshani, nikafumba macho, nikasubiri kishindo. Nilichosikia ni mlango wa kioo ukisukumwa, kisha kitasa cha mlango wa mbele kikifunguliwa kwa ndani, na sauti ya dada: "Njooni upesi!"

Fundi saa alikuwa kati ya kitanda na kabati, mguu umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Ukuta mzima wa chumba chake ulikuwa saa, kubwa na ndogo, zote zinatembea, na chumba kizima kilikuwa kinalia tiki-tiki. Alipotuona alijaribu kufunga kifungo cha shati.

"Samahanini kwa hali ya chumba," akasema.

Mama alikuwa ameshapiga magoti akimnywesha maji kwa kijiko. "Umeanguka lini, mzee wangu?"

"Jana jioni."

"Jana! Na hukupiga kelele?"

Mzee alimeza maji taratibu. "Mlikuwa na mgeni. Niliwasikia mnacheka. Sikutaka kuwaharibia."

Kijiko kikasimama hewani. Sisi tunamwigiza daktari wa macho, dada anapaliwa kwa kicheko, na upande wa pili wa ukuta mtu amevunjika nyonga, amelala sakafuni, anatuonea haya.

Gari la wagonjwa lilikuja kwa haraka ambayo kwetu hatuijui. Hilo nalisema kwa haki. Bondeni tungefika watu mia kabla ya gari. Mlimani gari lilifika kabla ya mtu mmoja kufungua mlango wake. Walipomtoa akiwa amelazwa kwenye machela, milango ile mitatu ilifunguka tena, mipana kidogo, na yule bwana wa nguo za kulalia alisimama, akamsikia mzee akiwatajia wauguzi jina lake, akashika kichwa. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani anaitwa jina jingine."

Tuliporudi ndani, mama hakukaa. Alisimama mbele ya sinki, ametupa mgongo.

"Nilimsikia," akasema.

"Leo sote tumemsikia, mama," dada akamwambia.

"Jana. Kabla hatujaanza kula. Nilisikia kitu kizito kimeanguka. Mkono wangu ulikuwa na mwiko, nikasimama hivi, nikajiambia: si yangu. Huku si yangu. Nikaendelea kukoroga." Akageuka. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. "Mimi. Wanangu, ni mimi nimefanya hivyo?"

Dada alimshika. Mimi nilibaki nimesimama, maana sikujua kama naruhusiwa kumfariji mtu ambaye jana tu ameniambia faraja ilimchosha. Mwishowe nikafanya la kijinga: nikamtengenezea chai. Akainywa akilia, na hakuna aliyemwambia asiwaze.

Jumatatu nilidhani tutafungasha pamoja. Nilikosea. Aliamka, akavaa suruali yake, akaniambia anakwenda kazini, na jioni atapitia hospitali.

"Mama, hata baada ya haya?"

"Hasa baada ya haya. Nikirudi leo, nitakuwa nimemwacha mara ya pili." Alikuwa anafunga aproni kwenye mfuko. "Wala sikudanganyi, mwanangu, si kwa ajili yake tu. Bado naupenda mlango wangu ukiwa umefungwa. Nitaufunga. Ila masikio nitayaacha wazi, hilo nimejifunza kwa aibu."

Hospitalini jioni ile nilimwona akivuta kiti kando ya kitanda cha fundi saa. Hawakuzungumza sana. Walipatana jambo moja: akishatoka, kila asubuhi atagonga ukuta kwa fimbo, naye mama atajibu kwa mwiko. Mzee akauliza kama saa moja kamili itakuwa usumbufu. Mama akamwambia usumbufu ni kutogonga.

Nikapanda basi peke yangu.

Karakana ilikuwa imejaa kabla sijatua mfuko. Mjomba alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu, akaanza kuvimba. Niliwasimulia yote: suruali, zamu, kibandiko, hodi zilizomnyima nafasi ya kumlilia baba, fundi saa. Suruali iliwauma. Kazi iliwauma zaidi. Lakini nilipofika kwenye mwiko uliosimama hewani, wakakataa kabisa.

"Muongo," mjomba akasema. "Dada yangu asikie mtu kaanguka, aendelee kupika? Mwingine huyo. Umekwenda nyumba siyo."

"Ni yeye, mjomba. Amesema kwa kinywa chake."

Waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga vizuri, watu wa bondeni hao! Nilisikia wakibishana barabarani mpaka sauti zikafifia. Shangazi peke yake hakusogea. Alikuwa kwenye kochi lake kubwa, kikombe mkononi, chai imepoa.

"Baba yako alipokufa," akasema, "mimi nilikuwa nakuja kila siku. Kila siku, mvua, jua. Namliwaza."

"Ndiyo, shangazi."

"Na yeye ananipikia chai."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namwambia asikae peke yake." Alinitazama kwa macho ya mtu aliyepigwa kofi gizani asijue limetoka wapi. "Hakuniambia. Mbona hakuniambia?"

Akainuka kwa shida, akiegemea mkono wa kochi, akaingia jikoni kwa mama. Nikasikia maji ya bomba. Shangazi yangu, ambaye katika nyumba ile hajawahi kuinua hata kijiko, alikuwa anaosha kikombe chake. Akakifuta, akakipanga kwenye kabati pamoja na vingine, akapita mbele yangu, na alipotoka akavuta mlango nyuma yake polepole mpaka ukajifunga.